Kusamehewa kwa Nguvu

Spéciose anasema ilikuwa hivi. Walikuwa wamekaa uani kwa Salvator, siku alipowaita majirani waje kulishangilia bati jipya la nyumba yake, wakijikinga mvua chini yake, mtungi wa urwagwa, pombe ya ndizi, katikati na mrija mmoja unazunguka mdomo kwa mdomo. Yeye Spéciose akanywa, akampa Illuminée aliyekaa kulia kwake. Na yule binti, anasema, akaushika mrija kwa vidole viwili kama mtu anayeokota panya kwa mkia, akautazama, akavuta pindo la kitenge chake, akaufuta. Akaufuta tena. Kisha akatazamana na Pudentienne, wakacheka, ndipo akanywa.

Pudentienne hakucheka. Lakini alipoona kwamba kisa kina nafasi yake ndani, hakukataa kuwemo, na yeye akakisimulia kwa namna yake. Kilipofika bombani, Illuminée alikuwa ametema mate chini. Kilipopanda hadi njiapanda ya Sonatubes, kwa wanawake wanaouza ndizi, alikuwa ameomba majivu ausugue mrija kama sufuria.

Mtu asiye wa Rwanda anaweza kuuliza, kufuta mrija ni kosa gani, si ni usafi? Asiulize mbele ya watu. Kufuta mrija baada ya mtu ni kumwambia kwamba mdomo wake ni mchafu, na wengine huelewa kwamba mdomo wake una sumu. Ng'ombe wa mahari wamerudishwa kwa sababu hiyo. Ndugu wa tumbo moja wamezikwa bila kuagana.

Na katika kisa chote hicho, sehemu moja ilikuwa kweli. Illuminée aliufuta.

Majirani walingoja matusi. Walijua Spéciose ana sauti ya kuamsha mtaa mzima wa mteremkoni, na Illuminée mwenyewe alijikaza kusubiri. Kumbe ilikuwa Kwaresima, na paroko alikuwa ameagiza kwamba mwaka ule wa tisini na moja kila jumuiya ijifunze unyenyekevu. Salvator, kiongozi wa jumuiya yao, aliupokea unyenyekevu kwa mikono miwili. Alikataa kiti, akawa anakaa kwenye kigoda cha chini kabisa, ila kwanza alitandika leso kwa ajili ya suruali. Wanawake wawili walikuwa wamenuniana wakigombania nafasi ya mwisho karibu na mlango, kwa kuwa Injili inasema wa mwisho atakuwa wa kwanza na kila mmoja alitaka kuanza mapema.

Kwa hiyo Spéciose hakutukana. Alisamehe.

Alisamehe Jumapili nje ya kanisa, watu wakitoka, kwa sauti ya mpiga debe wa stendi ya Nyabugogo. "Illuminée, mwanangu, yale uliyonitendea nimekusamehe." Alisamehe bombani, ndoo zikiwa kwenye foleni. Alisamehe juu ya ua wa miti ya miyenzi, asubuhi, Illuminée akiwa na povu la mswaki mdomoni. Wageni waliokuja kumwona Spéciose walielezwa kwanza jinsi alivyosamehe, kisha wakaelezwa alichosamehe, kwa sababu bila hicho msamaha usingeeleweka.

Kumjibu mtu anayekutukana ni rahisi, hata mtoto anaweza. Mtu anayekusamehe utamjibu nini? Ukisema asante, umekiri. Ukisema sikukosa, una kiburi, na katika Kwaresima.

"Mimi ningemfunga mdomo kwa neno moja," alisema Nsabimana, mume wa Illuminée. Nsabimana alikuwa mbeba mizigo Nyabugogo, na maneno yake, kama mizigo yake, aliyabwaga popote alipochoka. "Neno moja tu. Ugoro."

"Usiseme kwa sauti."

"Ugoro, ugoro. Sasa unaogopa nini, kuku watasikia?"

Hilo ndilo neno Illuminée alilokuwa akilimeza kila siku. Siku ile kwa Salvator, mrija ulipomfikia, ncha yake ilikuwa na tope la kahawia, kipande cha ugoro uliolowa mate. Baada yake alikuwa anafuata Pudentienne, mwenye macho ya kuona sindano kwenye magugu. Illuminée hakufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye pindo la kitenge, ukafuta, na kwa bahati mbaya Spéciose akageuka saa hiyo hiyo.

Sasa, ugoro si dhambi. Nusu ya mabibi wa Kigali wanao chini ya mdomo, na mapadri wazee wawili watatu pia. Lakini ugoro wa Spéciose ulikuwa na kesi yake. Oktoba iliyopita, vita vilipoanza kaskazini na watu wakawa wanachukuliwa majumbani na askari, walimchukua pia Régis, mtoto wake wa pekee, fundi wa baiskeli ambaye hata breki za watu hakuwahi kuziharibu. Mpaka leo yuko gerezani na hakuna aliyesema kwa nini. Jumuiya ilipokwenda kumwombea, wale waliothubutu kwenda, Spéciose alisimama katikati ya rozari, akatoa kikopo chake cha ugoro, akakitumbukiza chooni mbele ya mashahidi. Aliapa kwamba hautagusa mdomo wake mpaka Régis arudi nyumbani.

Tangu siku hiyo kiapo kikawa mali ya mtaa. Walimwuliza kila Jumapili: Mama Régis, bado unashikilia? Nashikilia. Bila kusema wazi, watu walishaamua kwamba mlango wa gereza umefungwa kwa mdomo wa Spéciose, na siku mdomo ukikosea, mtoto haonekani tena. Wakubwa wa gereza hawakuwa na habari kwamba funguo zao zinategemea ugoro, lakini nani angewauliza.

Kwa hiyo neno la Nsabimana lingemfunga Spéciose mdomo kweli. Lingefunga na mlango wa gereza.

"Atajua mwenyewe," alisema Nsabimana. "Mtoto wetu je? Tutambatiza kwa mate?"

Hapo ndipo penyewe. Ariane, binti yao, alikuwa na miezi saba na alikuwa abatizwe Pasaka. Kabla yake walikuwa na mvulana. Huyo alikwenda kwa homa kabla ya maji ya ubatizo, akazikwa na baba yake na jembe, bila padri, bila wimbo. Tangu wakati huo Illuminée hakulala vizuri mtoto akikohoa. Hakutaka makubwa. Alitaka tu huyu wa pili apate maji yake mapema, jina lake lisemwe na padri kwa sauti.

Na Salvator alikuwa amesema bila kuzunguka: yeye hapeleki kwa paroko mtoto wa nyumba yenye ugomvi na jirani. Kabla ya Jumapili ya Matawi, Illuminée aombe msamaha mbele ya jumuiya, Spéciose amjibu, wanywe kwa mrija mmoja. La sivyo, Pasaka ya mwakani.

"Lakini ameshanisamehe," Illuminée alimwambia. "Anasamehe kila siku. Juzi amenisamehe mara mbili kabla ya chai."

"Huo ni wake," alisema Salvator. "Wewe hujaomba. Msamaha usioombwa ni kama barua isiyo na anwani."

Aliipenda sentensi hiyo, akairudia.

Illuminée akaamua kwamba ataongea na Spéciose peke yao. Alipanga maneno asubuhi nzima akiuza mandazi pale Sonatubes, kwenye ukingo wa barabara ambapo malori husimama. Yalikuwa maneno mazuri, yenye heshima mwanzoni na meno mwishoni. Mama Régis, shikamoo. Mama Régis, mimi nakuheshimu. Mama Régis, kama si pindo la kitenge changu, leo mtaa mzima ungekuwa unakuuliza habari za kikopo. Sehemu hiyo ya mwisho aliifanyia mazoezi kwa mdomo uliofumba, na mteja mmoja akamwuliza kama anaumwa jino.

Ilipokaribia saa sita akamwona. Spéciose alikuwa ameketi chini nyuma ya lori lililoharibika, amevaa viatu vyake vya kanisani, vumbi mpaka magotini. Ilikuwa siku ya kupeleka chakula gerezani. Sufuria aliyobeba asubuhi ilikuwa mapajani pake, imefungwa kwa kitambaa kilekile na fundo lilelile. Haikufunguliwa. Askari wa gereza waliikataa mlangoni, au walimwambia mtu huyo hayupo, au walimwambia arudi wiki ijayo. Yote hayo huwaambia watu, na wanarudi na sufuria zao.

Illuminée akasogea, beseni la mandazi kichwani, maneno yamejipanga. Alipolizunguka lori alimkuta Spéciose amevuta mdomo wa chini mbele kwa vidole viwili, na kwa mkono mwingine anachomeka ugoro taratibu, macho yamefumba. Usoni hakuwa na raha ya mtu anayeiba. Alionekana kama mtu anayejifunga kidonda.

Spéciose akafumbua macho. Akamwona. Akafunga mdomo haraka, na kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine pa kuupeleka, akaumeza wote.

Anayejua ugoro anajua kwamba tumbo haliupendi. Macho ya Spéciose yalijaa maji, koo likaruka. Lakini mazoea ni kitu kikubwa.

"Mwanangu," alisema, akapigwa na kwikwi. "Nimeku... nimekusamehe."

Illuminée alisimama pale. Kwa kweli kicheko kilimfika kooni, na nyuma ya kicheko kulikuwa na kitu kingine kikisukuma. Aliyatafuta maneno yake yenye meno, hakuyaona hata moja. Akaweka beseni chini, akatoa andazi moja, akaliweka juu ya kifuniko cha sufuria.

"Kula, Mama Régis. Litashusha hiyo kwikwi."

"Sikuwa nafanya kitu," alisema Spéciose.

"Sijaona kitu."

"Nilikuwa napumzika tu."

"Kivuli ni kizuri hapa."

Wakakaa hivyo, mmoja akitafuna na mwingine akitazama matairi. Illuminée alijaribu kujiweka mahali pa yule mama, siku ile uani: umerudi kutoka gerezani, umesukutua mdomo mara ngapi sijui, unaamini umesafika, unampa jirani mrija, unageuka na kumwona anaufuta. Hakusema uongo, Spéciose. Alisema alichokiona. Jambo likionekana bila sababu yake hufanana na tusi. Mawazo hayo yalimkasirisha Illuminée, kwa sababu kumchukia mtu asiyesema uongo ni kazi ngumu, na yeye alikuwa ameshaizoea ile chuki, ilikuwa inamchangamsha asubuhi.

Jioni alimweleza Nsabimana.

"Basi sasa umemshika," alisema Nsabimana. "Umemwona kwa macho."

"Sikumshika. Nilimpa andazi."

Nsabimana akaguna. "Huo unyenyekevu wenu," alisema, "tungeupakia kwenye basi la Ruhengeri ungezidi uzito." Lakini usiku huo hakutaja tena neno lake moja.

Jumamosi kabla ya Matawi jumuiya ikakusanyika uani kwa Salvator, chini ya bati lile lile. Kulikuwa na mtungi. Mtu mmoja alikumbusha kwamba ni Kwaresima na wengi wameacha pombe. Salvator akajibu kwamba pombe ya upatanisho haihesabiwi, na waliokuja wakaongezeka. Pudentienne alikuja mapema akachagua mahali anapoweza kuona nyuso zote mbili. Spéciose alikaa kwenye kiti. Alikataa kiti mara tatu, ndipo akakaa.

Salvator alisoma Injili, akaeleza unyenyekevu ni nini, akaueleza tena kwa upande mwingine. Kisha akasema, "Illuminée, una neno."

Illuminée akasimama, Ariane mgongoni.

"Apige magoti," alisema Pudentienne. "Nasema tu."

Illuminée akapiga magoti. Mtoto akaona kichwa cha mama kimeshuka, akashika nywele akavuta. Watu wakajizuia kucheka, si wote.

"Mama Régis," alisema Illuminée. "Siku ile, hapa hapa, ulinipa mrija nikaufuta mbele ya watu. Uliumia, na mimi niliona umeumia nikanyamaza. Naomba unisamehe."

Maneno yalikuwa mafupi kuliko alivyopanga, na yalimtoka bila kumchoma. Hilo lilimshangaza. Aliyasema kwa ajili ya Ariane. Alipofika mwisho akakuta kwamba nusu ya maneno hayo ilikuwa ya kweli.

Ingeweza kuishia hapo. Lakini Salvator alikuwa mtu wa kumaliza mambo.

"Uliufuta kwa nini?"

Illuminée alimweka Ariane sawa mgongoni.

"Aseme sababu," alisema Pudentienne. "Tusije tukasamehe nusu."

"Kulikuwa na kitu kwenye mrija," alisema Illuminée.

"Kitu gani?"

Illuminée aliinua macho, akamwona Nsabimana ameegemea mlango, amekunja mikono, midomo imebanwa kama mtu anayezuia chafya. Neno lile lilikuwa pale karibu kabisa. Lingetoka, yeye angesimama ameoshwa, mtoto angepata maji, na kesho asubuhi kila mtu angejua kwa nini Régis hajarudi.

"Inzi," alisema.

"Inzi?"

"Inzi mdogo. Alikuwa amekufa."

Ulikuwa uongo, tena wa magotini, katikati ya toba, Biblia ikiwa wazi. Alingoja bati la Salvator limwangukie. Halikuanguka.

"Mvua ilikuwa inanyesha siku ile," alisema Pudentienne. "Inzi wa wapi kwenye mvua?"

"Inzi huingia ndani mvua ikinyesha," alisema Nsabimana kutoka mlangoni. "Kwako hawaingii? Labda wanakuogopa."

"Mimi nasema angesema inzi siku ile ile."

"Angesema inzi kwenye bati jipya la mtu? Amwaibishe mwenye nyumba?"

Salvator, aliyekuwa mwenye nyumba, aliona kwamba hoja imemgeukia. "Kama ni inzi," alisema polepole, "basi kosa ni dogo. Inawezekana kosa halipo. Lakini ameomba, na aliyeomba ajibiwe." Alikuwa hataki kuachia upatanisho aliouandaa. "Spéciose, ulimsamehe bila kuombwa. Sasa ameomba. Mjibu."

Spéciose hakujibu.

Watu waligeuka. Mama huyu aliyesamehe kanisani, bombani na juu ya ua, alikuwa amekaa amenyooka kwenye kiti, na ulimi wake ulikuwa unapita polepole nyuma ya mdomo wa chini, kutoka pembe hadi pembe, kama mtu anayetafuta jino lililong'oka. Alikuwa anamtazama Illuminée. Alimtazama tangu lile neno inzi, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Spéciose," alisema Salvator. "Tunakusikiliza."



"Labda anywe kwanza," mtu akasema. "Koo likilowa atajibu."

Wazo hilo lilipendwa. Mtungi ukasogezwa. Spéciose akauinamia, akavuta kidogo. Alipomaliza hakuupitisha mara moja. Alishuka kutoka kwenye kiti, akajishusha mpaka chini alipokuwa Illuminée, akamshika bega kana kwamba anataka kumwinua. Hakumwinua. Alimsogezea mdomo sikioni, na harufu ya ugoro ilikuwepo, ya siku ile ile.

"Hakuwa inzi," alisema kwa pumzi tu. "Waambie wewe, mwanangu. Mimi nimejaribu kusema wiki zote hizi, kila nikifungua kinywa unatoka msamaha. Waambie. Wewe watakuamini."

"Amesema nini?" aliuliza Pudentienne.

"Amesema nini?" aliuliza Salvator, na leso ikamtoka kwenye kigoda.

Mkono wa Spéciose ulibaki begani, mzito. Ariane aliacha nywele za mama yake akashika kidole cha Spéciose, akakipeleka mdomoni. Watu wote wa uani walikuwa wamejipinda mbele. Illuminée alitazama mrija katika mkono wa yule mama, ncha yake imelowa na ina kahawia kidogo ya ugoro. Akauchukua. Akauweka mdomoni kama ulivyo, akanywa, akaendelea kunywa, kupita adabu ya mwanamke aliyepiga magoti, na bega lake likiwa bado limeshikwa, na nyuma yake Pudentienne akiuliza kama watabakiziwa wengine.